Tulivyopima Majumba ya Jinja na Mbale

Miaka ile, mwanangu, kijana wa Uganda aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, aliyetaka sheria alisafiri hadi Dar es Salaam, na aliyetaka kusomea usanifu wa majengo hakuwa na pengine pa kwenda ila Nairobi. Ndivyo Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivyogawa fani zake tangu 1963, na ndivyo mimi, mtoto wa fundi mwashi wa Mbale, nilivyojikuta mwaka 1968 nikipanda treni jioni na sanduku la bati, mashati mawili mapya na kifurushi cha malewa alichokifunga mama kwa majani ya mgomba. Wewe malewa unayajua kwa kuyakuta sahanini. Sisi tuliyajua kwanza kwa harufu. Ni machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon yaliyokaushwa kwa moshi, na moshi ule ukishaingia ndani ya behewa hautoki tena. Tororo tulibadilisha treni, Timboroa usiku wa manane baridi ikatupenya mifupani, na kwenye stesheni kina mama walipita chini ya madirisha wakiuza mayai ya kuchemsha na mahindi ya kuchoma ya senti kumi. Daraja la tatu tulikaa tumebanana, Mluhya ubavuni mwa Mgisu, Mganda ubavuni mwa Mkikuyu, na lugha ya behewa zima ilikuwa Kiswahili.

Chumba chetu cha kuchorea pale Nairobi kilikuwa na meza ndefu zilizoinamishwa, na harufu yake ninayo puani hadi leo: amonia ya mashine ya kutolea nakala za michoro, iliyowasha macho hata ukiwa mlangoni, wino wa kalamu za Rotring, na vumbi la mpira wa kufutia. Kalamu moja tu ya Rotring ilikula fedha ya matumizi ya wiki nzima, kwa hiyo tuliazimana na kulindana. Historia ya usanifu ilifundishwa alasiri, mapazia yamefungwa na picha zikimulikwa ukutani: hekalu la Parthenon, kanisa kuu la Chartres, majumba ya matajiri wa Florence. Kitabu kikuu kilikuwa cha Mwingereza Banister Fletcher, kilichotoka mara ya kwanza 1896. Ndani yake mlikuwa na mchoro wa mti ulioonyesha ukoo wa majengo ya dunia. Ugiriki na Roma zilikuwa shina, majengo ya Ulaya yalipanda hadi kileleni, na huku chini pembeni palikuwa na matawi mafupi yasiyozaa kitu: Misri, Uhindi, China, Peru. Mwanzoni mwa karne ya ishirini kitabu hicho kiliweka majengo ya Wahindi, Wachina na Waislamu katika fungu la mitindo isiyo ya kihistoria. Niliufuata mti ule kwa kidole, tawi kwa tawi. Gedi haimo, Kilwa haimo, makaburi ya wafalme ya Kasubi hayamo.

Nadharia nayo ilianza na Vitruvius, Mrumi aliyeandika kabla ya kuzaliwa Masihi, akitaka kila jengo liwe na uimara, manufaa na uzuri. Nikayakariri maneno hayo, na nayaheshimu mpaka leo. Lakini kilichonifungua macho ni kazi ya likizo aliyotupa mwalimu mmoja: kila mtu arudi kwao, achague nyumba za mtaa mmoja zilizojengwa kabla yeye hajazaliwa, azipime, azichore, na aandike zilijengwa vipi na nani. Wenzetu wa pwani walifurahi. Wao walikuwa na Lamu, walikuwa na Mombasa na ngome yake ya Fort Jesus, iliyoanzwa na Wareno 1593 na kutangazwa kumbukumbu ya taifa 1958. Mimi nilikuwa na Mbale na, kwa safari ya saa chache za basi, Jinja. Mwenzangu mmoja kutoka Kampala aliniuliza kwa uchungu kwa nini nikapoteze likizo nikichora maduka ya Wahindi. Hakukosa hoja. Chini ya Waingereza, barabara kuu za miji yetu zilikuwa za wenye mitaji na hati, na Mwafrika aliyefanya kazi Jinja alipangiwa chumba huko Walukuba, mbali na maduka. Swali lake nilirudi nalo nyumbani, nikampelekea baba.

Mbale ya wakati huo ilisifiwa kuwa mji safi kuliko yote Afrika Mashariki, na sisi wenyeji hatukuwa na shaka na sifa hiyo. Si mji wa kale. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyefika huku na jeshi lake, ndiye aliyeuanzisha mwanzoni mwa karne ya ishirini chini ya ukuta wa mlima wa Wanale, na wachuuzi wa Kiswahili, wa Kiarabu na wa Kihindi wakaja kufungua maduka. Kakungulu alifariki 1928, na kufikia hapo reli ilikuwa njiani na pamba na kahawa zilikwisha kuleta fedha. Ukisimama Naboa Road asubuhi mapema unaona maji meupe ya Wanale yakiporomoka nyuma ya mabati ya maduka. Chama cha ushirika cha Bugisu, kilichoundwa 1954, ndicho kilichokusanya kahawa ya arabika ya mlimani, na msimu ukifika mji ulinuka kahawa mbichi na magunia ya katani, harufu yenye uchungu kidogo iliyotuambia kwamba karo za shule zitalipwa.

Baba alikuwa amejifunza uashi kwa fundi Kalasinga. Alianza kibarua wa kubeba matofali, akapandishwa kuchanganya chokaa, na baada ya miaka akakabidhiwa mwiko. Nilipomweleza kazi niliyopewa na swali la mwenzangu, alivaa koti lake la kwendea kanisani, tukatoka pamoja hadi Naboa Road. Akasimama mbele ya duka moja la ghorofa moja, akapitisha kiganja ukutani pale lipu ilipokuwa imebanduka. "Hizi safu za chini ni mkono wa fundi," akasema. "Kuanzia hapa kwenda juu ni mkono wangu." Mimi nikatazama nisione tofauti. Akanishika kidole, akakipitisha kwenye kiungo cha chokaa kati ya tofali na tofali. Chini, fundi alikikata kiungo wima. Juu, baba alikuwa amekilaza kidogo ili maji ya mvua yateleze nje yasituame. Baadaye nilikwenda kuomba kuona michoro ya nyumba ile katika masjala. Jina la mwenye kiwanja lilikuwamo, la mchoraji lilikuwamo, muhuri wa afisa ulikuwamo. La baba halikuwamo, wala la Kalasinga wake. Tangu siku hiyo sikuhitaji tena kumjibu mtu kwa nini napima maduka ya Wahindi. Tajiri alilipa na fundi akajenga, nami nilikuwa mtoto wa fundi.

Jinja ulikuwa mji wa namna nyingine. Mbale iliishi kwa kahawa ya mlimani, Jinja iliishi kwa mto na mitambo. Malkia Elizabeth alikuja Aprili 1954 kufungua bwawa la Owen Falls, lile tunaloliita Nalubaale sasa, na maji yalipopanda yakayafunika maporomoko ya Ripon, ambayo msafiri Mwingereza Speke alisimama kuyatazama 1862. Umeme ukaleta viwanda. Nilipofika na utepe wangu wa kupimia, ungeweza kujua upepo unatoka wapi kwa pua tu: mara tumbaku iliyokaushwa kutoka kiwanda cha sigara, mara malori ya miwa ya Kakira yakiangusha mabua barabarani, mara pamba na rangi za nguo. Na Main Street ilinyooka mbele yako, maduka kushoto na kulia, kila moja na baraza lake la nguzo lililomkinga mpita njia jua na mvua. Juu ya baraza ukuta wa mbele ulipanda kulificha bati, na juu ya ukuta huo mafundi walifinyanga kwa saruji maua, matao, jua linalochomoza, jina la mwenye nyumba na mwaka. Ukitembea ukisoma miaka ile unaona uchumi wa Busoga ukipanda na kushuka, pamba ikishika bei na pamba ikianguka. Somo hilo halikuwamo katika kitabu chochote nilichopewa Nairobi.

Mwenye duka aliyenikaribisha alikuwa mzee wa Kigujarati, muuza vitambaa, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Duka lilinuka uvumba wa asubuhi na majora mapya ya pamba yasiyofuliwa. Alinisikiliza, akasoma barua ya chuo mara mbili, kisha akaagiza chai. "Pima, kijana," akaniambia, "lakini usinisumbulie wateja." Mimi nilimwita Mzee, naye hakuacha kuniita kijana hata tulipozoeana. Nilipima kuanzia barazani, ambako mafundi cherehani walikaa wakikunja pindo za suruali kwa senti hamsini, nikapita dukani, nikapita stoo, hadi uani. Hapo ndipo nyumba ilipojifunua. Kutoka barabarani ungedhani ni duka tu. Nyuma kulikuwa na ua wa wazi uliozungukwa na vyumba vya jamaa, jiko lenye masizi ya miaka, ngazi ya mvule ya kupandia ghorofani, na tangi kubwa la maji ya mvua lililonywesha nyumba nzima kabla ya bomba kuja. Milango yote ilikuwa ya mvule wa Busoga, mbao ambayo mchwa hawaipendi. Nyuma kabisa palikuwa na kichochoro walimopita watu wa ndoo za choo alfajiri, kazi waliyoachiwa watu wetu. Nilikipima nacho na kukichora, maana mchoro wa nyumba ukiacha kichochoro unawaacha na waliopita humo.

Siku moja Mzee alinikuta naandika kwenye daftari habari za matao ya mbele. Akanitaka nipande naye ngazi. Umri wake haukumruhusu, lakini alipanda, kanzu ameikunja mkononi, tukachungulia juu ya bati. Akanionyesha mfereji uliojificha nyuma ya ule ukuta wa maua, mfereji wa bati zito usiofika upana wa kiganja na nusu, na tundu mbili tu za kuteremshia maji. Kila mwaka kabla ya mvua za Machi, na tena kabla ya mvua ndogo, alimlipa kijana apande aondoe majani na matope, apake lami kwenye viungo, kisha amwage ndoo ya maji na yeye mwenyewe asimame chini kuona yanatokea wapi. "Wewe unachora maua," akasema. "Maua hayafanyi kazi. Hili ndilo linalofanya kazi. Likiziba miaka miwili, maua yote yatakuwa barabarani." Nikapima mfereji ule kwa uangalifu kuliko kitu kingine chochote, nikauchora ukubwa wake halisi katika karatasi ya peke yake.

Niliporudi chuoni tulikuwa tumefikia mjadala wa hifadhi. Tulisomeshwa ugomvi wa wakubwa wa karne ya kumi na tisa: Mfaransa Viollet-le-Duc, aliyeona jengo la kale linaweza kukamilishwa hata kwa sura ambayo pengine halikuwahi kuwa nayo, na Mwingereza John Ruskin, aliyeona kufanya hivyo ni kusema uongo kwa mawe. Tulisoma Mkataba wa Venice wa 1964, ambamo wataalamu wa nchi nyingi walikubaliana namna ya kushughulikia majengo ya kale. Wenzangu walivutiwa na vifungu vya ukweli wa jengo na alama za nyakati. Mimi nilikwama kwenye kifungu cha nne, kifupi, kinachotaka jengo litunzwe daima bila kukatiza, na cha tano, kinachosema jengo likipewa kazi yenye faida kwa jamii, kuhifadhiwa kwake huwa kwepesi. Ruskin mwenyewe, nyuma ya hasira zake zote, aliandika mwaka 1849 kwamba anayetunza jengo vizuri hatahitaji kulikarabati. Nikamkumbuka Mzee juu ya ngazi. Wasomi wa Venice na muuza vitambaa wa Main Street walikuwa wamefika pahali pamoja, mmoja kwa mkutano na mwingine kwa kulipa kijana wa kusafisha mfereji.

Ilipofika tarehe 4 Agosti 1972 nilikuwa Jinja kwa awamu ya pili ya vipimo. Idi Amin alikuwa Tororo, mwendo mfupi kutoka kwetu Mbale, akawaambia wanajeshi wake kwamba Waasia wenye uraia wa Uingereza wataondoka nchini. Wakapewa siku tisini, hadi tarehe 8 Novemba, na siku zilivyokwenda hata waliojiona raia wa Uganda wakajikuta hati zao zinakataliwa. Sitakuficha kwamba wako walioshangilia, na wako waliokuwa na sababu zao za miaka mingi. Nilichokiona mimi ni nyuso. Nilimwona mama wa Kihindi akiuza sahani za harusi yake barazani, akiinua moja moja na kuitaja bei kwa sauti ndogo. Nilimwona fundi cherehani wa Kisoga akilia kwa sababu cherehani aliyoitumia tangu ujana aliachiwa bure na tajiri wake, na hakujua kama furaha hiyo ina baraka. Friji ziliuzwa kwa bei ya kuku wachache. Mzee hakuuza kitu isipokuwa vitambaa. Wiki ya mwisho aliniita, akafungua kasha la bati, akatoa mchoro wa asili wa nyumba, umechorwa kwa wino juu ya kitambaa chembamba cha kitani, umekunjwa mara nne, pembe zimeanza kuwa njano. "Huko niendako hauna kazi," akasema. "Wewe unajua kuusoma." Hakuniambia niitunze nyumba. Alijua sikuwa na uwezo huo. Alinikabidhi mchoro, akanikumbusha mvua za Machi.

Nilimaliza masomo, nikarudi kufanya kazi za ujenzi huku mashariki, kwa hiyo niliishuhudia nyumba ile mwaka hadi mwaka. Maduka yaligawiwa, na waliopata wakaitwa mafuta mingi. Aliyepewa la Mzee hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefunga maisha yake kwenye duka ambalo hakuwa na hati yake, na wapangaji wa ghorofani hawakuwa na mkataba. Kila mmoja alijua anaweza kuamka kesho akaambiwa toka, basi nani atoe fedha yake kupanda darini? Mwaka wa kwanza mfereji ukajaa majani. Mwaka wa pili maji yakafurika kwa ndani, nyuma ya ule ukuta wa maua, yakateremka katikati ya tofali ambako macho hayafiki. Chokaa inayoshika tofali ikalowa, ikakauka, ikalowa tena, ikageuka unga. Mtu akaona nyufa, akaziba kwa saruji, na hapo ndipo ukuta ulipofungiwa maji yake, kwa sababu chokaa hunywa maji na kuyaachia yatoke, saruji huyazuia ndani. Ndege wakaangusha mbegu za mutuba juu ya ukuta, mti ukaota, mizizi ikatafuta unyevu kati ya tofali. Mwaka 1978 ungeweza kuingiza vidole vitatu katika ufa uliopita chini ya jina la Mzee. Milango ya mvule ya uani ilikuwa imekwisha kuwa kuni, maana mkaa ulikuwa ghali na sukari ilikuwa ya magendo katika mji uliozungukwa na miwa.

Jeshi la Tanzania, lililokuja kumng'oa Amin, liliingia Jinja tarehe 22 Aprili 1979, bwawa likiwa zima, na watu wakatoka barabarani kuwapokea askari kwa Kiswahili chao chote. Tulidhani mambo yatatengemaa upesi. Hayakutengemaa upesi, na majengo hayasubiri siasa. Lakini wakati Jinja nikishuhudia ukuta ukifa, Mbale nilishuhudia jingine. Duka lile la Naboa Road lenye mkono wa baba nalo liliondokewa na mwenyewe. Barazani kwake alikaa fundi cherehani wa Kigisu aliyekuwa na mahali pake hapo tangu kabla ya uhuru. Aliyepewa duka alilichoka akaenda zake, fundi akabaki, akahamishia familia yake uani. Kanuni ya usafi wa mfereji alikuwa ameiona kwa tajiri wake wa zamani mwaka hadi mwaka, akaendelea nayo kwa sababu maji yakivuja yangemloweshea watoto na vitambaa vya watu. Lipu ikibanduka alimwita baba. Baba alikuwa mzee sasa, ila alimfundisha kuloweka chokaa shimoni miezi kabla ya kuitumia, kuichuja, kuichanganya na mchanga wa mtoni, na kuvilaza viungo ili maji yateleze. Nyumba ile haikuwa na maua juu ya ukuta wala jua linalochomoza. Ilikuwa ya kawaida kabisa, na ilisimama.

Miaka ya tisini mali zikaanza kurudishwa kwa wenyewe. Mtoto wa Mzee alikuja kutoka Leicester, mji ambao baraza lake lilitangaza katika gazeti la Uganda Argus mwaka 1972 kuwasihi Waasia wasiende huko, na wengi wakaenda na kuufanya kwao. Baba yake alikuwa ameshafariki. Tulisimama pamoja chini ya nguzo, yeye na cheti chake mkononi, mimi na michoro yangu. Nikamfungulia karatasi ya mfereji na kile kitambaa cha kitani, nikamweleza kila kitu kilikuwa wapi. Aliuliza gharama ya kurekebisha, nikamwambia ukweli: ukuta wa mbele ulikwisha kuachana na wa pembeni, na mafundi wa kuyafinyanga yale maua tena hawapo, waliondoka mwaka ule ule na wala hawakuacha mwanafunzi. Alitembea uani peke yake kwa muda mrefu. Kisha akauza, na mnunuzi akabomoa. Kule Mbale jamaa ya mwenye nyumba nayo ilirudi, ikakuta paa haivuji. Wakakaa na fundi, wakaandikiana mkataba wa upangaji, na kodi ya mwaka wa kwanza wakairudisha yote katika mabati mapya.

Kwa hiyo ukiniuliza miaka yote hiyo ya kusomea historia, nadharia na hifadhi ilinifunza nini, nitakujibu kwamba jengo halihifadhiwi kwa uzuri wake, wala kwa umri wake, wala kwa sheria peke yake. Huhifadhiwa na mikono inayolijua, na mwenye mikono hiyo awe na uhakika wa kubaki. Sheria ya kumbukumbu za kihistoria tulikuwa nayo tangu 1967, na 2023 ikaja nyingine mpya, nami naziunga mkono zote mbili. Lakini tazama Kasubi. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 moto uliteketeza nyumba kuu ya makaburi, urithi wa dunia tangu 2001, na nchi nzima ikaomboleza. Ilijengwa upya, na 2023 UNESCO ikaiondoa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ilijengeka kwa sababu kazi ya kuezeka bado ilikuwa ya watu wa ukoo wa Ngeye, waliorithishana ujuzi wa kufunga nyasi. Moto uliunguza nyasi, haukuunguza ujuzi. Main Street hapakuwa na moto. Kulikuwa na amri ya siku tisini iliyoondoa ujuzi na kuacha kuta, na kuta zikafuata.

Fani yenyewe imesonga mbele, na hilo hunifurahisha. Usam Ghaidan, Mwiraki aliyefundisha Nairobi, alichapisha kitabu chake juu ya mji wa Lamu 1975, na watu wakaona nyumba ya Mswahili inaweza kupimwa na kuheshimiwa kama jumba la Florence. Makerere ikaanza kufundisha usanifu wa majengo 1989, mtoto wa Mbale hahitaji tena kuvuka Timboroa. Shirika la utamaduni la CCFU limechapisha kitabu cha picha cha majengo ya kihistoria ya Kampala, Entebbe na Jinja. Jinja na Mbale ni majiji tangu Julai 2020, na kila jiji jipya hutafuta nafasi ya maghorofa, jambo ambalo si dhambi. Watu wanahitaji maduka na vyumba. Ninalotaka ni kwamba anayebomoa ajue anabomoa nini, na anayetaka kubakiza ajue aanzie wapi.

Basi nawe ukiamua kusomea fani hii, jifunze Vitruvius na Venice, ni elimu nzuri. Ukipima nyumba, pima na kichochoro, na uandike majina ya walioijenga pamoja na ya aliyeilipia. Ukipewa fedha kidogo za hifadhi, usizimalize kwa rangi ya mbele. Anza na paa na mifereji yake kabla ya Machi. Kisha hakikisha anayeishi humo ana mkataba wa maandishi, ili asiogope kutoa fedha yake darini. Kisha mtafute mzee anayejua chokaa, umlipe ujira wa haki, afundishe vijana wawili watatu wakati angali na nguvu. Main Street ya Jinja bado ina kuta za kuokoa, na Naboa Road pia.